Kalamu ya mti wa ufukweni inapogoma: dalili, chanzo na la kufanya

Mti ulioletwa na maji una mambo yake. Umelowa chumvi, umesuguliwa na mchanga, umetobolewa na viumbe, kisha jua limeukausha upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado umelala kwenye tope. Ukiukereza kama mbao ya kawaida utapata kalamu nzuri ya wiki mbili, halafu visa vinaanza. Vanishi ikigeuka nyeupe, mtu analaumu vanishi. Mrija ukilegea, analaumu gundi. Mara nyingi chanzo kiko hatua tatu au nne nyuma, kabla hata kipande hakijapanda kwenye mashine ya kukerezea, na ndiyo maana katika mwongozo huu tunatoka kwenye dalili na kurudi nyuma mpaka tulifikie shina.

Vipimo nitakavyotaja ni vya kalamu nyembamba ya kuzungusha, ile yenye mirija miwili ya shaba ya milimita 7 inayogundishwa ndani ya mbao, kila mmoja ukiwa na urefu wa karibu milimita 53. Kalamu nene zina vipimo vyake, lakini maradhi ni yale yale.

Kipande kinanuka lami, kina ukijani au mabaki ya rangi

Hiki hakikerezwi. Harufu ya lami, hasa kipande kikipata joto, ni dalili ya kreosoti, dawa iliyotumika sana kwenye nguzo za gati na mataruma ya reli. Ukijani uliopenya mpaka ndani unaweza kuwa wa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Rangi ya zamani ya chombo cha baharini huenda ina risasi au sumu ya kuzuia viumbe kung'ang'ania. Ukikereza vitu hivi unavivuta pumzi, na ukivichoma moshi wake ni mbaya zaidi. Barakoa haitoshi kukifanya kipande kama hicho kiwe salama. Kiache ulikokikuta.

Kwa vipande vilivyo safi, barakoa ya vumbi laini bado ni lazima. Vumbi la mti huu limechanganyika na la mchanga, na mapafu hayavitoi vyote viwili kwa urahisi.

Utando mweupe unatokea chini ya vanishi

Hili ndilo tatizo kuu la mti wa baharini, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Kwanza uliza: umetokea lini?

Ukitokea saa ile ile unapopaka, hasa ukitumia supagluu kama vanishi, chanzo ni unyevu ndani ya mbao, tabaka nene mno, au dawa ya kuharakisha gundi iliyopulizwa kwa wingi. Gundi hii hukauka kwa msaada wa unyevu, na ikikutana na unyevu mwingi huganda kwa pupa na kuwa nyeupe. Iondoe kwa patasi kali au msasa, acha mbao ikauke vizuri, kisha upake tabaka nyembamba kwa karatasi ya jikoni. Usitumie kitambaa cha pamba: supagluu ikilowesha pamba hupata joto kali ghafla na inaweza kuunguza vidole.

Ukitokea baada ya wiki kadhaa, hasa kipindi cha hewa yenye unyevu, hiyo ni chumvi. Iangalie kalamu kwenye mwanga unaotoka pembeni. Weupe unaanzia kwenye kingo, pale mbao inapokutana na chuma, na kitambaa hakiufuti kwa sababu uko chini. Pitisha ukucha taratibu: utahisi vanishi imeinuka, na pengine kigamba chembamba kitabanduka kikiwa na unga upande wa ndani.

Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Gogo likikauka maji yanaondoka, chumvi inabaki kwenye vinyweleo vya mbao. Chumvi hiyo huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75. Hewa ikikauka inarudi kuwa fuwele, na fuwele inahitaji nafasi, kwa hiyo inasukuma vanishi. Kingo huathirika mwanzo kwa kuwa nyuzi za mbao zimekatwa pale na vanishi yake huwa nyembamba. Chumvi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya shaba iote kijani na chuma kishike kutu ndani ya kalamu ambayo hujawahi kuilowesha.

Kama huna hakika, chukua kipande kilichobaki cha gogo lile lile, kiloweke usiku kucha kwenye maji kidogo ya mvua au yaliyotoneshwa. Asubuhi weka tone la maji hayo juu ya kioo cheusi, na pembeni yake tone la maji ambayo hayakuguswa na mbao. Yakikauka, angalia kwa lenzi. Vipande vidogo vya pembe nne vyenye kingo kali ni fuwele za chumvi. Duara la kahawia ni rangi ya mti wenyewe, lisikutie hofu.

Kalamu iliyokwisha kuunganishwa haina tiba ya kweli. Unaweza kuikwangua na kuipaka upya, ukaziba kingo kwa supagluu nyepesi, ukajipatia muda, lakini chumvi bado imo. Tiba iko kwenye gogo lililobaki. Likate kwanza kuwa vipande vya kalamu vyenye unene wa milimita 20 hadi 25, kwa kuwa chumvi hutoka upesi zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko kupitia ubavu. Vizamishe kwenye maji baridi, uweke uzito juu visielee. Badilisha maji kila siku wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku mbili, na urudie kipimo cha tone. Kwa kawaida hesabu wiki mbili mpaka tatu. Mbao nzito huchukua muda zaidi. Usiharakishe kwa kuchemsha, mbao iliyochoka hupasuka.

Mti uliookotwa mtoni au ziwani hauhitaji haya ya chumvi. Mengine mengi yanauhusu.

Mbao ilikuwa kavu, sasa mrija unazunguka ndani yake au ufa umefunguka

Haikuwa kavu. Gogo la ufukweni hudanganya: ganda lake limekaushwa na jua na upepo mpaka linalia ukiligonga, ilhali moyo una maji. Kipima unyevu cha pini mbili nacho hudanganya kwenye mti wa baharini, maana kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi inapitisha umeme. Kitakuambia mbao ni mbichi hata ikiwa imekauka, kisha utazoea kukipuuza, na siku itakaposema kweli utakuwa huisikii tena.

Amini mizani. Baada ya kuloweka, paka nta kwenye ncha mbili za kila kipande, vipange kivulini vikiwa vimeachana, andika uzito wa kila kimoja kwa penseli ubavuni. Pima kila wiki. Uzito ukisimama pale pale kwa vipimo vitatu mfululizo, kipande kimelingana na hewa ya chumba na kiko tayari. Mizani ya kupimia gramu moja moja inatosha. Mwenye haraka anaweza kutumia oveni yenye joto dogo, ila miti migumu yenye nyuzi zilizosokotana haipendi haraka na itakuonyesha kwa nyufa.

Kama mbao kweli ilikuwa kavu na mrija bado umelegea, tazama gundi. Shaba inayong'aa haishiki. Isugue kwa msasa mpaka mng'ao ufifie na iwe na mikwaruzo ya kukatisha. Ziba midomo ya mrija kwa nta au udongo wa kuchezea ili gundi isiingie ndani. Supagluu inafaa kwa tundu lililobana na mkono mwepesi, lakini ndiyo inayokwamisha mrija katikati ya safari. Kwa mti wenye matundu na mapengo mimi huchagua epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ile inayokauka polepole: inajaza uwazi, inakupa muda wa kuusukuma mrija ukiuzungusha, na haibanduki mbao inapocheza kidogo na hali ya hewa. Gundi za poliyurethani nazo hujaza, ila hufura na kuusukuma mrija nje usipoubana.

Mrija uliokwama nusu usiugonge kwa nyundo. Tia kipande na mrija wake kwenye jiliwa, toboa tena taratibu kwa biti ya milimita 7 shaba itoke kama maranda, usafishe tundu na uanze upya. Gundi ikiwa bado haijashika sana, joto la kavu kidogo linaweza kuulegeza mrija, lakini lisiwe la moto wa wazi.

Patasi inapoteza makali kila baada ya muda mfupi

Sikiliza kwanza. Mchanga unatoa mkwaruzo mdogo mdogo wa kukatika-katika, na gizani unaweza kuona cheche. Punje za kwatzi, madini ya mchanga, ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na mawimbi yamezishindilia kwenye kila ufa. Kabla ya kukata, piga gogo kwa brashi ya waya ukifuata nyuzi, lipulize kwa hewa ya nguvu, kisha ukate na kutupa milimita chache za ngozi ya nje pande zote. Ngozi hiyo imebeba mchanga mwingi.

Mkwaruzo ukisikika ndani kabisa, karibu na tundu, angalia kama kuna mifereji ya mviringo yenye kuta nyeupe. Hayo ni makazi ya Teredo, kiumbe mwembamba kama mnyoo ambaye kwa nasaba ni ndugu wa chaza, anayetoboa mbao baharini na kupaka chokaa ukuta wa njia yake. Chokaa hiyo inakula makali. Ikwangue kwa msumari au ncha ya biti ndogo kabla ya kuanza kukereza, kisha ujaze mfereji kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao ile ile, au na vumbi la shaba kutoka kwenye mirija. Supagluu na unga wa mbao hufanya kazi pia lakini doa lake huwa jeusi kuliko mbao. Binafsi naona mifereji hii ndiyo pambo kubwa la kalamu ya aina hii, nayo ikijazwa kwa shaba inavutia kuliko mbao nzima isiyo na tundu.

Chuma nacho kinajificha. Pitisha sumaku kali juu ya kila kipande. Msumari ulioliwa na kutu mara nyingi hauonekani ila kwa doa jeusi linalouzunguka.

Mbao inameguka au inachomoka vipande ikiwa karibu kumalizika

Kwenye bushi, zile pete za chuma zinazokaa kwenye ncha za kipande kuonyesha unene wa mwisho, ukuta wa mbao unabaki chini ya milimita moja. Mbao iliyooza kidogo inavumilia ikiwa nene, kisha inasalimu amri pale pale mwishoni, ulipokwisha kuipenda.

Jaribu ukucha. Ukizama, au unga ukitoka, hakuna patasi itakayoiokoa mbao hiyo bila kuigandisha kwanza. Njia ya uhakika ni rezini ya kugandishwa kwa joto. Kausha vipande kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hadi 105 mpaka uzito usipungue tena, maana hapa hata unyevu wa kawaida wa chumbani ni mwingi. Viache vipoe ndani ya mfuko uliofungwa, kwa kuwa mbao ya moto inaweza kuianzisha rezini kuganda kabla ya wakati. Vizamishe kwenye rezini, vuta hewa kwa pampu mpaka mapovu yaishe, kisha zima pampu uviache humo humo usiku kucha. Wengi hukosea hapa: rezini haiingii sana wakati pampu inanguruma, inaingia hewa ikirudi na kuisukuma. Anayevitoa mara pampu inapozimwa anapata ganda gumu lenye moyo laini, na moyo huo ndio atakaoukuta patasi ikikaribia bushi. Baada ya hapo ni oveni tena, kwa joto linaloelekezwa na mtengenezaji wa rezini, mara nyingi karibu nyuzi 90 hadi 100.

Bila pampu, supagluu nyepesi sana itafaa kwa sehemu ndogo: kereza mpaka zibaki milimita mbili, simamisha mashine, dondoshea gundi, isubiri, endelea. Haitaokoa kipande kilichooza chote.

Kama mbao ni ngumu na bado inachomoka, basi ni makali na mkono. Noa. Punguza kina cha mkato. Kasi ya mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika ni ya kawaida kwa kipenyo hiki, ila kipande chenye pembe kianze taratibu mpaka kiwe mviringo. Kata kutoka sehemu nene kwenda nyembamba, kamwe usipandishe. Kipande kilichochomoka kitafute sakafuni kabla hujazima taa. Kikibandikwa palepale alama haionekani, na kuziba kwa unga hakulingani nacho.

Kutoboa kumepasua kipande, au tundu limetokea ubavuni

Joto na haraka. Mti wenye mchanga unaifanya biti butu upesi, biti butu inasugua badala ya kukata, na mbao inapata joto mpaka inafunguka. Toa biti nje kila baada ya sentimita moja, usafishe maranda, uiguse kwa tahadhari, ikiunguza, ngoja. Acha kipande kirefu kwa sentimita mbili kuliko mrija, usimame kabla biti haijatokea upande wa pili, kisha ukate ncha hiyo kwa msumeno. Hivyo tundu linafunguka bila kupasuka.

Tundu kukimbilia pembeni hutokana na nyuzi zilizopinda na mifereji ya Teredo, ambayo biti huifuata kwa hiari. Anza na biti fupi ya kuelekeza, na ukiweza toboa kwenye mashine ya kukerezea yenyewe, kipande kikiwa kimeshikwa na taya.

Mbao na chuma havilingani: upande mmoja umezidi, mwingine umepungua

Kalamu imekuwa yai. Mhalifu wa kwanza ni nati ya mandreli iliyokazwa mno, au senta ya nyuma, ile ncha inayoegemeza kazi mwishoni mwa mashine, iliyobanwa kwa nguvu: mandreli ni fimbo nyembamba inayobeba vipande, inapinda. Kaza kwa vidole tu. Tatizo likiendelea, ondoa vipande na bushi, zungusha mandreli peke yake na utazame ncha yake, ikiyumba, imeharibika. Mwisho kagua kama ncha za vipande zilisawazishwa kwa pembe mraba na mrija. Ncha iliyoinama hupindisha kila kitu ikibanwa, na ndiyo pia inayoacha mwanya kati ya mbao na pete.

Rangi ya kijivu imepotea

Hakuna kilichoharibika. Ule ukijivu wa fedha ni ngozi tu iliyochomwa na jua na kuoshwa na mvua, na ukikereza unaiondoa yote. Kuna anayeokota gogo kwa ajili ya rangi hiyo pekee, akaishia na kalamu ya kahawia.

Unaweza kuirudisha kwa namna fulani. Loweka pamba ya chuma kwenye siki kwa siku chache, chuja, upake maji hayo juu ya mbao iliyokwisha kupigwa msasa. Chuma hukutana na tanini ya mti na kuleta kijivu mpaka cheusi. Mti usio na tanini ya kutosha upake kwanza chai kali isiyo na maziwa, uache ukauke. Jaribu kwenye kipande cha kutupa, kwa sababu rangi hubadilika sana kati ya mti na mti. Ikauke kabisa kabla ya vanishi, la sivyo utarudi kwenye ule utando mweupe.

Madoa meusi usiyoyataka kwenye kingo yana asili inayofanana na hiyo: msasa unagusa bushi za chuma na kusambaza vumbi lake kwenye mbao. Ondoa bushi unapofika hatua ya msasa, shika vipande kwa senta mbili zenye pembe ya nyuzi 60, na umalizie kila namba ya msasa kwa kusugua kufuata nyuzi mashine ikiwa imesimama.

Kalamu haifungi vizuri

Kipande cha chuma kikikataa kuingia, usikilazimishe: gundi imebaki ndani ya mrija. Ikwangue kwa tupa ya mviringo au kisu chembamba mpaka shaba ionekane, kisha ubane polepole na kwa unyoofu. Ufa unaosikika wakati wa kubana karibu siku zote umetokana na gundi hiyo au na kubana kwa mshazari.

Ncha ikibaki nje hata ukizungusha kuifunga, utaratibu wa kuzungushia, kile kifaa cha ndani kinachoitoa na kuirudisha ncha, umesukumwa mno. Ikikataa kutoka ya kutosha kuandika, haujasukumwa vya kutosha. Kwa hiyo bana kidogo, ingiza wino, jaribu, bana tena kwa nusu milimita. Aina nyingi zina mstari wa kuonyesha mwisho. Uliopita kiasi hutolewa kwa kung'oa kwanza ncha ya chini kwa fimbo inayopita ndani ya mrija, kisha kuusukuma utaratibu urudi kutokea upande huo huo, huku mbao ikiwa imezungushiwa kitambaa na kushikwa kwa mkono, sio kwa jiliwa.